Jinsi ya Kusoma Jengo la Kale la India na Kuitambua Dini Iliyolipanga

Mgeni akisimama mbele ya jengo la kale la India, macho hukimbilia nakshi: mayungiyungi, kengele za mawe, vyungu vya maji vilivyojaa majani, tembo. Huko siko pa kuanzia. Nakshi ni kazi ya fundi, na fundi wa India alimchongea yeyote aliyemwajiri, leo hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, kesho hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, mwakani msikiti wa sultani. Yungiyungi lile lile utalikuta kwa wote watatu. Jambo ambalo dini haikumwachia fundi aamue ni sakafu: watu waingie wapi, wasimame au wazunguke, waelekee upande gani, na nani akomee wapi. Basi itafute dini sakafuni. Eneo na zama vitafute kwenye paa na kuta za nje.

Beba dira, futi ya mita 5, daftari la mirabamiraba na tochi. Darubini ndogo ya macho mawili itakufaa kwa sanamu za juu. Chora ramani ya sakafu kabla ya kupiga picha hata moja. Sentimita 1 kwa kila mita 1 hutosha kwa jengo dogo. Kwa kubwa pima kwa hatua, ukishajua urefu wa hatua yako. Vua viatu panapotakiwa, funika kichwa kwenye gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, na mahali patakatifu pa kuzungukwa zunguka ukiwa umepaweka upande wako wa kuume, kama wenyeji wafanyavyo. Vyumba vya ndani kabisa vya mahekalu mengi haviruhusu picha, na baadhi haviruhusu wasio Wahindu. Hekalu la moto la Waparsi, wafuasi wa Zoroasta wenye asili ya Uajemi, haliingiwi na asiye Mparsi, kwa hiyo utalisomea nje tu.

Kwanza, dira

Simama katikati ya mlango mkuu, tazama ndani, soma dira, kisha andika nyuzi. Soma tena ukiwa umesogea mita kadhaa, mbali na vyuma vya uzio. Katika uwanda wa Dekani jiwe lenyewe ni basalti yenye madini ya sumaku, nayo huvuta sindano ya dira. Masomo mawili yakitofautiana sana, chukua la tatu.

Hapa pana mtego wa kwanza. Hekalu la Kihindu kwa kawaida hutazama mashariki: mungu aliye ndani hulitazama jua likichomoza, na mwabudu anayeingia anaelekea magharibi. Msikiti wa India nao kwa kawaida huingiwa kutoka mashariki, kwa sababu Makka iko magharibi. Dira itakupa jibu moja kwa majengo mawili tofauti kabisa. Tofauti iko mwisho wa safari ya macho. Hekaluni macho yanafika kwenye kitu, yaani sanamu au linga, jiwe la umbo la nguzo fupi linalomwakilisha Shiva, ndani ya chumba. Msikitini yanafika kwenye ukuta wenye mihrabu tupu. Ukuta huo hauonyeshi kitu. Unaonyesha upande tu.

Hata huo upande una usahihi wake. Ukiwa Delhi kibla ni karibu nyuzi 267, magharibi hasa ikipinda kidogo kusini. Ukiwa Kochi, kusini kabisa, ni karibu nyuzi 293, yaani imepinda kuelekea kaskazini magharibi. Makaburi ya Waislamu yanafuata hesabu hiyo hiyo: maiti hulazwa kaskazini–kusini, uso ukielekezwa kibla. Sinagogi ya Paradesi ya Kochi, iliyojengwa 1568, nayo inaelekea magharibi, ila kwa ajili ya Yerusalemu. Makanisa ya Wakristo wa mapokeo ya Suria huko Kerala, jimbo la Kochi, kwa desturi yanaweka madhabahu mashariki. Goa ya Wareno haikushika sana kanuni hiyo, kwa hiyo huko dira usiitegemee.

Mahekalu yana vighairi pia. Kailasa ya Ellora, hekalu la Shiva lililochongwa mwambani, linatazama magharibi. Ndiyo maana dira peke yake haitoshi kamwe.

Pili, uliza mwili unafanya nini

Sasa tazama ramani uliyochora. Ibada za India zinadai miendo tofauti ya mwili, na kila mwendo una umbo lake la sakafu.

*Kuzunguka.* Hili ndilo jambo la Wabudha wa mwanzo. Stupa ni kilima kizito kisicho na chumba cha kuingia, chenye masalio matakatifu moyoni mwake, na ibada yake hufanyika nje kwa miguu. Stupa kuu ya Sanchi ina kipenyo cha karibu mita 36.5 na kimo cha mita 16 na ushei. Kiini chake cha matofali ni cha zama za mfalme Ashoka, karne ya 3 KK. Karne iliyofuata ikafunikwa kwa mawe na kukuzwa karibu maradufu. Isome kutoka chini: jukwaa la duara lenye njia ya kuzungukia, kuba lililojaa, uzio mdogo wa mraba juu yake uitwao harmika, na mti wa jiwe wenye miavuli mitatu. Kuzunguka yote kuna uzio mkubwa wa mawe wenye malango manne. Ukague uzio huo kwa karibu. Mawe ya kulala yamepenyezwa ndani ya matundu ya mawe ya kusimama, kazi ya seremala iliyohamishiwa kwenye jiwe bila kubadilishwa. Kwenye malango, ya karne ya 1 KK, usimtafute Buddha mwenye mwili. Yuko kwa alama: nyayo, gurudumu, mti, kiti kitupu.

Wabudha walipotaka kuzunguka stupa wakati wa masika, waliiingiza ndani ya ukumbi. Ukumbi huo unaitwa chaitya: mrefu, umegawanywa kwa safu mbili za nguzo, na mwisho wake umepinda nusu duara ili njia ipite nyuma ya stupa. Karla, katika jimbo la Maharashtra, ndipo penye chaitya kubwa kuliko zote zilizochongwa mwambani. Vihara ni kitu kingine: ni makazi ya watawa, na ramani yake ni ua au ukumbi wa mraba uliozungukwa na vijumba vidogo vya kulala. Ukiona vijumba vyenye kitanda cha jiwe, hapo watu waliishi. Ajanta ina mapango karibu 30, na chaitya ni matano tu, namba 9, 10, 19, 26 na 29. Mengi ya yaliyobaki ni vihara.

*Kuonana na mungu.* Hekalu la Kihindu halikupangwa kwa ajili ya mkutano. Mtu mmoja mmoja, au familia, huja kumtazama mungu na kutazamwa naye, na kuhani humhudumia mungu kama mfalme nyumbani kwake. Kwa hiyo moyo wa hekalu ni chumba kidogo cha mraba, chenye giza, mlango mmoja na bila dirisha: garbhagriha. Mbele yake kuna kizingiti kirefu, kisha ukumbi wa nguzo uitwao mandapa, kisha ubaraza. Ukitoka nje kuingia ndani mwanga hupungua, sakafu hupanda kwa ngazi chache, na dari hushuka. Pima hayo matatu uyaandike, kwani ni ushahidi mzuri kuliko sanamu.

Vitabu vya ufundi vya Kihindu viliigawa ardhi ya hekalu kwa mchoro wa miraba, mara nyingi 64 (8 kwa 8) au 81 (9 kwa 9), kila mraba na mungu wake, ya katikati akipewa Brahma, mungu muumbaji. Usitarajie kuikuta miraba hiyo kwa futi katika kila hekalu. Mafundi waliitumia kama kanuni ya kupanga nafasi, na wakaikunja walipohitaji.

Kuna alama ndogo ambayo wageni wengi huipita bila kuiona. Nje ya garbhagriha, upande wa kaskazini, tafuta mfereji wa jiwe unaotokeza ukutani, mara nyingi wenye kichwa cha mnyama. Unatoa maji na maziwa anayoogeshwa mungu. Ukiukuta kwenye gofu lisilo na sanamu, umepata mahali pa chumba kitakatifu na pia upande wa kaskazini. Katika hekalu la Shiva waumini hawauvuki mfereji huo. Wanaufikia, wanageuka, wanarudi walikotoka.

Mnara juu ya garbhagriha utakuambia eneo. Kaskazini ni shikhara, mnara uliopinda kuelekea kileleni, wenye jiwe bapa lenye mbavu, amalaka, na chungu juu yake. Kandariya Mahadeva ya Khajuraho, ya karibu 1030, inapanda mita 31 hivi kwa kubebesha minara midogo 84 juu ya mwili wa mnara mkubwa. Kusini ni vimana ya ghorofa zinazopungua hatua kwa hatua. Ile ya Thanjavur, iliyokamilishwa 1010 chini ya mfalme Rajaraja wa Kwanza, ina ghorofa 13 na kimo cha karibu mita 60. Karne za baadaye kusini kukatokea jambo la kukupoteza: urefu ulihamia kwenye malango. Hekalu likawa mji wenye kuta ndani ya kuta (Srirangam ina saba), na kila mfalme alitia sifa yake kwa kujenga gopura, lango la mnara. Huko Madurai gopura la kusini linazidi mita 50 ilhali vyumba vitakatifu vimejificha chini katikati. Kusini, basi, mnara mrefu kuliko yote ni mlango. Mungu hayuko hapo.

*Kupanga safu.* Waislamu walileta hitaji jipya kabisa: watu wengi, bega kwa bega, wote wakielekea upande mmoja, wote sawa. Ramani ya ukumbi wa sala hutanuka kwa upana na kuwa na kina kidogo, kwa sababu kila mtu anataka safu iliyo karibu na ukuta wa kibla. Mbele kuna ua mkubwa wenye birika la kutawadhia. Ndani tafuta mihrabu na mimbari. Zoezi zuri liko Agra. Kando ya Taj Mahal, iliyoanzwa 1632, kuna majengo mawili ya mawe mekundu yanayofanana kwa nje: la magharibi ni msikiti, la mashariki lilijengwa ili kuweka mizani ya pande mbili. Sura ya nje haikwambii kitu. Ingia ndani: la mashariki halina mihrabu.

Kaburi lenye kuba ni jengo lingine lililokuja na Waislamu, kwani Wahindu wengi huchoma maiti. Kaburi la Humayun, mfalme wa ukoo wa Mughal, huko Delhi, lililomalizika miaka ya mwanzo ya 1570, limewekwa katikati ya bustani iliyogawanywa kwa mifereji katika robo nne, charbaghi, taswira ya pepo. Taj ilibadilisha mpango huo: kaburi limesogezwa hadi mwisho wa bustani, ukingoni mwa mto Yamuna. Baadaye wafalme wa Rajputi, Wahindu, nao wakajenga vibanda vya kuba juu ya nguzo mahali walipochomewa wafu wao, kwa hiyo kuba la kumbukumbu si lazima liwe na kaburi.

*Kuzungukwa na sanamu nyingi.* Mahekalu ya Wajaini yana mwelekeo wa ndani. Nje mara nyingi ni ukuta mtupu, ndani ni marumaru iliyochongwa hadi mwanga unapenya kingo zake. Ua umezungukwa na vijumba vidogo, kila kimoja na tirthankara wake, yaani mwalimu mkuu wa dini hiyo, aliyeketi. Dilwara katika mlima Abu ndiyo mifano ya kusomea: Vimal Vasahi ya 1031 na Luna Vasahi ya 1230. Ranakpur, ya karne ya 15, ina chumba kitakatifu chenye milango minne na sanamu inayotazama pande zote nne, na kwa hesabu ya jadi nguzo 1,444. Ukiona milango minne kuzunguka sanamu, wafikirie Wajaini kwanza.

*Kuketi na kusikiliza.* Harmandir Sahib ya Amritsar, gurdwara kuu ya Masingasinga, nayo ina milango minne, ila ndani hakuna sanamu. Kuna kitabu, Guru Granth Sahib, na watu wamekaa wakisikiliza kikisomwa na kuimbwa. Milango minne ni tamko kwamba watu wa pande zote wanakaribishwa. Jengo liko katikati ya bwawa, nawe unalifikia kwa kushuka ngazi, kinyume cha hekalu linalokupandisha. Dhahabu ya kuba ilikuja mwanzoni mwa karne ya 19, zama za Ranjit Singh, mfalme wa Masingasinga.

Tatu, tazama namna juu palivyozibwa

India kabla ya masultani ilikuwa nchi ya nguzo na boriti. Boriti ya jiwe huvunjika ikivutwa kwa chini, kwa hiyo haivuki mbali, na nguzo lazima zisongamane. Panapohitajika kuba, mafundi waliweka duara juu ya duara, kila moja likitokeza kidogo ndani ya lile la chini, hadi katikati pakafunika. Mawe yalikalia uzito wake, mara nyingi bila chokaa, yakishikwa kwa vibano vya chuma.

Waislamu walileta tao la kweli: mawe ya umbo la kabari yanayosukumana, yakiunganishwa kwa chokaa iliyochanganywa na unga wa matofali. Namna ya kutofautisha ni kutazama viungo vya mawe. Vikiwa vimelala sambamba na ardhi hadi kileleni, hilo ni tao la kutokeza hata kama umbo lake limechongoka. Vikielekea kwenye kitovu kimoja, ni tao la kweli. Kwenye msikiti wa Qutb, Delhi, ulioanzwa miaka ya 1190, ukuta mkubwa wa mbele ya ukumbi una matao mazuri yenye viungo vilivyolala: mafundi wenyeji walipewa umbo, wakalijenga kwa njia waliyoijua. Karibu karne moja baadaye, kwenye kaburi la sultani Balban, viungo vinageuka. Lango la Alai Darwaza la 1311, hapo hapo Qutb, halina tena kigugumizi.

Kosa la kawaida ni kuandika “Uislamu” kila unapoona upinde. Madirisha ya umbo la kiatu cha farasi kwenye chaitya za Wabudha yaliwatangulia masultani kwa zaidi ya miaka elfu moja, nayo ni mwigo wa paa la mbao. Lotus Mahal ya Hampi ina matao, na ilikuwa jumba la wafalme Wahindu wa Vijayanagara.

Nne, ndipo uje kwenye sanamu

Mlangoni mwa hekalu la Kihindu, miimo miwili mara nyingi ina Ganga juu ya makara, mnyama wa majini wa kubuni, na Yamuna juu ya kobe. Kipando ndicho kitambulisho cha haraka: fahali Nandi akiutazama mlango ni Shiva, Garuda ni Vishnu, simba ni Durga, panya ni Ganesha.

Buddha na tirthankara huwachanganya wengi. Tirthankara aliyeketi daima ameweka mikono mapajani. Akisimama, mikono inaning'inia wima bila kugusa mwili, na mara nyingi yu uchi. Tazama kifua kama kina alama ya shrivatsa, na msingi wa sanamu kama una mnyama: fahali ni Rishabha, simba ni Mahavira. Vichwa vya nyoka juu ya kichwa ni Parshvanatha. Buddha huvaa joho, na mkono wake husema kitu: unagusa ardhi, unafundisha, unaondoa hofu. Angalia tu usimhukumu Buddha kwa nyoka, maana naye yuko mmoja anayekingwa na nyoka.

Swastika isikuamulie lolote, ni ya Wahindu, Wajaini na Wabudha. Nyota ya pembe sita iko kwenye kaburi la Humayun, na si ya Wayahudi.

Tano, ondoa eneo

Kabla ya kuandika hitimisho, jiulize kama alama uliyoiona ni ya dini au ya mvua. Kerala kuna mvua nyingi na mbao nzuri, kwa hiyo hekalu, msikiti wa Mishkal wa Kozhikode na nyumba ya tajiri vyote vina mapaa ya mteremko yaliyopangana. Makanisa ya zamani ya huko yana mlingoti wa bendera mbele, kama mahekalu. Kashmir ni mierezi: msikiti mkuu wa Srinagar una nguzo zaidi ya 300 za mti huo, na badala ya kuba una paa la piramidi lenye ncha. Bengali haina mawe mazuri, ina udongo, na paa lililopinda la kibanda cha mianzi likaingia kwenye misikiti ya matofali na mahekalu ya Bishnupur sawia.

Gujarat inastahili kukawia. Msikiti wa Ijumaa wa Ahmedabad, wa 1424, una nguzo zaidi ya 200 zilizochongwa na mikono iliyozoea mahekalu, na kuba zake ndogo ni za duara juu ya duara. Ramani ni ya Kiislamu kabisa. Mji huo huo una msikiti wa Sidi Saiyyed wa 1573, uliojengwa kwa agizo la Mhabeshi, mmoja wa watu wenye asili ya Afrika waliopanda ngazi katika utumishi wa masultani. Dirisha lake la jiwe lililotobolewa, jali, lina mti unaojipinda matawi. Kanuni ya kutoweka viumbe mahali pa sala ilimbana mchongaji, naye akaumimina ustadi wote kwenye majani.

Sita, tafuta viraka

Jengo la India lina tabaka. Msikiti wa Qutb wenyewe una maandishi yanayosema mahekalu 27 yalitoa vifaa vyake. Bila maandishi, ushahidi ni huu: nguzo za urefu usiolingana, nguzo mbili zilizobebeshana ili kupata kimo, nyuso zilizofutwa, nakshi inayokatika ghafla penye kiungo. Andika kila kimoja na mahali pake kwenye ramani. Lakini nakshi ya hekaluni iliyo nzima, inayolingana pande zote, si kiraka. Hiyo ni kazi mpya ya fundi yule yule, kama ilivyo Ahmedabad.

Njia hii yote inajaribika Ellora kwa siku moja, isipokuwa Jumanne, siku ya kufungwa. Mapango 34 yamepangwa kwenye mwamba mmoja: 1 hadi 12 ya Wabudha, 13 hadi 29 ya Wahindu, 30 hadi 34 ya Wajaini. Jiwe ni moja, kwa hiyo tofauti ya vifaa imeondolewa. Anza namba 10, ukumbi wa chaitya wenye mbavu za dari zilizoiga mbao. Nenda namba 16, Kailasa, iliyochongwa kuanzia juu kushuka chini katika karne ya 8, na utafute mfuatano wa lango, Nandi, mandapa na garbhagriha. Maliza namba 32 kwa Wajaini. Ukibakiwa na muda rudi namba 15. Sanamu zake ni za Shiva na Vishnu, lakini wataalamu wengi huona ilianzwa kama vihara ya Wabudha. Chora ramani yake kwanza, ukizipa sanamu mgongo.